NANI ANAMLISHA KIBARUA? Uhakiki wa Tafiti za Ajira kwa Kuzitazama kutoka Nduta

Hakuna suala lililo karibu na mizizi ya siasa yetu kuliko suala la kazi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumekuwa tukifundishana kwamba utu wa mtu hauwezi kutenganishwa na kazi yake, na kwamba kuishi kwa jasho la mwingine ni unyonyaji, hata unyonyaji huo ukivaa nguo nzuri kiasi gani. Kwa sababu hiyo hatuna haki ya kuwaachia wataalamu peke yao kazi ya kueleza kazi ni nini, nani anayo, nani hana, na kazi njema ni ipi.

Katika miaka ya karibuni tafiti juu ya mambo haya zimekuwa nyingi. Zipo zinazohesabu walioajiriwa na wasioajiriwa. Zipo zinazofuata mwenendo wa waajiri: wanaajiri zaidi au wanapunguza. Zipo zinazopima ubora wa kazi, na zipo zinazochunguza namna mikataba inavyobadilika, kutoka ajira ya kudumu kwenda ajira ya miezi mitatu, ya msimu, au ya siku moja. Hatuzidharau tafiti hizi. Nchi isiyojihesabu haiwezi kupanga. Lakini kila anayehesabu amesimama mahali fulani, na pale aliposimama ndipo panapoamua ataona nini na atakosa kuona nini.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki tafiti hizo kwa kuzitazama kutoka mahali pamoja: Nduta, wilayani Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Tumechagua Nduta kwa sababu katika eneo hilo dogo, na katika vijiji vinavyolizunguka mpaka upande wa Kasulu, aina karibu zote za kazi za leo zimekutana. Yuko mkulima mwenye shamba lake. Yuko kibarua mwenyeji asiyekuwa na ardhi ya kutosha. Yuko kibarua Mrundi. Yuko mwajiriwa wa shirika la misaada mwenye mkataba unaokwisha pamoja na fedha za mfadhili. Na yuko mkimbizi anayefundisha darasani au anayehudumu zahanati kwa malipo yanayoitwa motisha. Utafiti utakaoshindwa kueleza uhusiano wa watu hawa watano haujaeleza hali ya kazi katika Tanzania.

1. MAANA YA AJIRA NA WANAOITUNGA

Tuanze na maneno, maana vita vya fikra huanza katika maneno. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa yake maarufu juu ya ajira nchini Kenya, na kwa taarifa hiyo wazo la sekta isiyo rasmi, lililokwisha kujadiliwa na Keith Hart kwa mifano ya Accra, likaenea dunia nzima. Mwaka 1999 shirika hilo hilo, chini ya Juan Somavía, likaleta lengo la kazi yenye staha. Mwaka 2013 mkutano wa wanatakwimu wa kazi mjini Geneva ukabadilisha maana ya ajira yenyewe: mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, lakini haitwi tena mwenye ajira. Mwaka 2018 mkutano uliofuata ukaongeza kundi la watu walio katikati, ambao kwa karatasi wamejiajiri lakini kwa kweli wanamtegemea bwana mmoja.

Matokeo ya mabadiliko ya mwaka 2013 yalionekana kwa jirani zetu. Rwanda ilipoanza kuitumia maana mpya katika utafiti wake wa nguvukazi wa mwaka 2016, maelfu kwa maelfu ya wakulima waliohesabiwa kuwa na ajira wakawa nje ya hesabu hiyo. Hakuna aliyeweka jembe chini. Mvua ilinyesha kama kawaida, maharage yakapandwa kama kawaida. Kilichobadilika ni sentensi moja iliyoandikwa Geneva.

Hapa kwetu Tanzania Bara, Utafiti wa Nguvukazi umefanyika mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Tunapaswa kuisifu nchi yetu kwa jambo moja. Wataalamu wetu hawakuridhika na kipimo cha kimataifa kinachomhesabu kuwa na ajira mtu aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki, na kinachomwacha nje ya hesabu ya wasio na ajira yule aliyekata tamaa ya kutafuta. Wakaweka pembeni yake kipimo cha kitaifa, kinachomtambua mtu ambaye yuko tayari kufanya kazi hata kama amechoka kutafuta, na yule ambaye kazi yake ni ya kubahatisha, leo ipo kesho haipo. Hilo lilikuwa tendo la kujitegemea katika fikra.

Lakini hata kipimo hicho kinabakia na upungufu. Kinauliza: una kazi? Kwa saa ngapi? Kwa malipo gani? Hakiulizi swali ambalo kwa maoni yetu ndilo linalofungua mlango wote: malipo hayo yakiwa hayatoshi kumlisha mfanyakazi na watoto wake, ni nani anayejazia? Tunasema swali hili ndilo la msingi kwa sababu historia ya Buha inatufundisha hivyo.

2. BUHA ILIVYOFANYWA GHALA LA VIBARUA

Katika zama za ukoloni Kigoma ilijulikana kuwa ni ghala la vibarua. Kodi ililazimisha kila mwanamume kutafuta fedha taslimu, na wakati huo huo mazao ya biashara hayakupewa nafasi katika Buha kama yalivyopewa sehemu nyingine za nchi. Kijana wa Kasulu au Kibondo akabakiwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni nguvu za mwili wake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kuajiri, iliyoitwa SILABU, ikawa inawakusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha mpaka Tanga na mashamba mengine. Watu hao ndio walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba katika daftari la bwana shamba. Kazi ilihesabiwa kwa kadi ya siku 30, na siku ambayo fungu la kazi halikutimia haikuwa siku.

Mwaka 1983 ulitolewa utafiti wa Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago juu ya kazi ya mkataba katika mkonge. Sehemu ya Sago ilishughulikia Kigoma hasa, kama ghala la vibarua, na ya Tambila ilishughulikia Tanga, mahali walikopelekwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1986, Issa Shivji akatoa kitabu chake juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi nchini. Tunazitaja kazi hizi kwa sababu zinaonyesha namna nyingine ya kuchunguza kazi. Huo mpango wa kuwatazama Kigoma na Tanga kwa pamoja ni fundisho lenyewe: utajiri wa upande mmoja na ufukara wa upande wa pili hueleweka vikitazamwa kama jambo moja.

Kiini cha jambo hilo ni hiki. Mshahara wa manamba ulikuwa mshahara wa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mkewe alikuwa Buha, akilima mtama, mahindi na maharage, akilea watoto, akimtunza mzee. Manamba alipougua alirudi kwake. Alipozeeka alirudi kwake. Shamba la mwanamke wa Buha ndilo lililolipa gharama ambazo bwana mkonge alipaswa kuzilipa. Kwa hiyo yule mwanamke, ambaye jina lake halikuandikwa katika daftari lolote la SILABU, alikuwa anautegemeza mkonge wa Tanga kila siku bila kuuona hata kwa macho.

Mtafiti wa wakati ule kama angekwenda Tanga na dodoso la leo, angeandika nini? Angeandika kwamba manamba ana ajira. Ana mkataba. Ana nyumba, maana kambi ni nyumba. Ana posho ya chakula. Angemweka katika safu ya wenye ajira rasmi, tena pengine angemwona ana nafuu kuliko ndugu yake aliyebaki Kasulu. Kila neno katika dodoso hilo lingekuwa sahihi, na picha yote ingekuwa ya uongo.

3. NDUTA: MGAO WA CHAKULA NA BEI YA KIBARUA

Kambi ya Nduta ilianza katika miaka ya 1990, wakati Warundi walipokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ikafungwa kabla ya mwaka 2010. Ikafunguliwa tena Oktoba 2015, baada ya machafuko ya kisiasa ya mwaka huo nchini Burundi, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifunguliwa tena mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Kambi hizi hufunguliwa na kufungwa. Mahitaji ya mikono ya bei nafuu katika mashamba ya jirani hayafungwi pamoja nazo.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba asivuke kilomita nne. Sheria hiyo hiyo imeacha mlango wa kibali cha kazi, lakini ni wachache waliopita katika mlango huo. Tangu mwaka 2018 hata masoko ya pamoja, ambapo mkimbizi na mwenyeji walikuwa wakikutana kwa biashara, yalibanwa na kufungwa. Serikali ilikuwa na sababu zake za usalama, nasi hatuzipuuzi. Tunachouliza ni matokeo yake katika kazi.

Matokeo yake yanafuata hatua moja baada ya nyingine. Mkimbizi anaishi kwa mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mgao huo ulipunguzwa mwaka 2017, ukapunguzwa tena mwaka 2023, kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha za kutosha. Mgao ukipungua, mzazi hana budi kutafuta cha kuongezea chunguni. Anatoka kambini alfajiri, anakwenda kulima ngwe katika shamba la mtu. Anakwenda bila kibali, kwa hiyo hawezi kubishana juu ya malipo. Akidhulumiwa hawezi kwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu mashtaka yake yataanza na kosa lake mwenyewe la kutoka. Mwenye shamba anayajua yote haya. Anajua pia kwamba nusu ya chakula cha kibarua huyu imekwisha kulipwa na mtu mwingine, kwa hiyo anaweza kumlipa kilichobaki tu.

Hapo ndipo tunapomwona manamba amerudi kwa sura nyingine. Zamani shamba la mwanamke wa Buha lilimlisha kibarua ili mwenye mkonge alipe kidogo. Leo mgao wa kambini unamlisha kibarua ili mwenye shamba la mahindi na mihogo alipe kidogo. Na mgao unapopunguzwa, ujira haupandi kufidia pengo; unashuka, kwa kuwa wengi zaidi wanatoka kutafuta kibarua siku hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, bei ya kibarua cha Kibondo inaamuliwa kwa sehemu kubwa na vikao vya Roma na Washington. Hakuna dodoso la ajira lenye safu ya kilo za mgao.

Je, kibarua mwenyeji? Kuhusu yeye tunazo tafiti nzuri, ingawa zilifanyika Kagera, kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1993 na wa Rwanda wa mwaka 1994. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walionyesha mwaka 2014 kwamba miongoni mwa wenyeji wapo waliofaidi na wapo walioumia: waliofaidi zaidi ni wakulima wanaojilimia wenyewe, walioumia ni vibarua wa mashambani. Isabel Ruiz na Carlos Vargas-Silva nao wakaonyesha kwamba wenyeji waliopatwa zaidi na wimbi lile walielekea kufanya kazi katika mashamba na mifugo ya kaya zao, na nafasi yao ya kuajiriwa nje ya kaya ikapungua.

Tafiti hizi zina thamani kubwa kwa sababu zimevunja uongo wa neno "wenyeji". Hakuna wenyeji kwa ujumla. Kuna mwenye ekari kumi na kuna mwenye robo ekari. Wimbi lile lile linalompa wa kwanza mikono rahisi ndilo linalomwondolea wa pili kibarua chake. Hata hivyo, nazo zinasimama mapema mno. Zinaeleza nani alifaidi, kisha zinamwita mwenye kufaidi mshindi, kana kwamba yalikuwa mashindano ya mbio. Hazijauliza faida yake ilitoka mfukoni mwa nani. Kadhalika, Kagera yenye migomba na kahawa si Kigoma, na kambi za miaka ya 1990, ambazo watu walitoka na kuingia kwa urahisi zaidi, si Nduta ya baada ya mwaka 2018. Anayechukua matokeo ya Kagera na kuyabandika Kibondo anafanya uvivu.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha kueleza ujamaa, aliitumia methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliitumia kueleza kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inatudai tuimalize. Jembe hilo ni la kulima shamba la nani? Katika jamii aliyokuwa akiieleza Mwalimu, mgeni alilima na akala kutoka ghala lile lile la mwenyeji wake. Mgeni wa Nduta amepewa jembe siku ya tatu, lakini ghala limefungwa.

4. MKATABA MFUPI NA MALIPO YA MOTISHA

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya jembe la mkono, na kwamba tafiti za kisasa juu ya mabadiliko ya mikataba zinahusu wasomi wa mijini. Nduta inakanusha hayo.

Wakimbizi walipoingia kwa wingi mwaka 2015 na 2016, mashirika yalifika Kibondo na kuajiri: madereva, wauguzi, wahandisi wa maji, walinzi, maofisa wa hesabu. Mwenendo wa ajira ukaonekana unapanda. Lakini ajira hizo zilikuwa za mradi. Mwaka wa fedha wa mfadhili ndio uliokuwa urefu wa mkataba. Mwaka 2025 Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi peke yake lilitangaza kuondoa nafasi zipatazo 3,500 duniani. Mtumishi wa mradi anapoachishwa hana pensheni ya kueleweka. Anarudi kwa wazazi kijijini. Naye, kama manamba, analishwa na shamba la mama yake mpaka mradi mwingine utakapotangazwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika umbo lake la awali, ilikusudia kwamba mkataba wa muda maalumu uwe wa wataalamu na mameneja, ili mfanyakazi wa kawaida asiyumbishwe. Marekebisho ya mwaka 2025 yamepanua mlango huo kwa kazi za mradi na za msimu. Wanaoyatetea wanasema yanafuata hali halisi. Ni kweli, hali halisi ndiyo hiyo. Lakini kazi ya sheria ya nchi ya wafanyakazi na wakulima ni kuielekeza hali halisi, siyo kutembea nyuma yake ikiokota inachodondosha.

Chini ya mtumishi wa mradi yuko mkimbizi wa motisha. Anafundisha watoto, anatafsiri, anasafisha wodi, anahamasisha afya nyumba kwa nyumba. Kazi yake ina saa, ina msimamizi, ina taarifa ya kila mwezi. Malipo yake yako chini sana ya yale ya Mtanzania anayefanya naye kazi, na hayaitwi mshahara. Sababu inayotolewa ni kwamba analishwa na kupewa makazi bure. Msomaji atazame vizuri hoja hii. Ni hoja ile ile ya bwana mkonge: huyu ana chakula chake kwingine, kwa nini nimlipe kamili? Tofauti ni kwamba safari hii inatolewa na watu wanaoandika taarifa nzuri juu ya kazi yenye staha.

Tunafikia hapa kanuni tunayotaka kuiweka mbele ya watafiti wetu. Kazi rahisi haipo. Kila palipo na kazi inayoitwa rahisi, yupo mtu mwingine anayelipa sehemu ya gharama yake bila kuandikwa: mke, mama, kijiji, au mfuko wa misaada. Ubora wa kazi basi usipimwe kwa ukubwa wa malipo tu, wala kwa kuwapo kwa karatasi ya mkataba tu. Upimwe kwa kuuliza kama kazi hiyo inamlisha anayeifanya siku ya jua na siku ya mvua, akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na kama anaweza kuikataa bila kulala njaa.

5. MAKOSA YA KUMFUKUZA KIBARUA

Baadhi ya ndugu zetu, wakisikia kwamba ujira wa mwenyeji umeshushwa, huruka mara moja kwenye jawabu: mfukuzeni mgeni. Hatuna budi kulijibu jambo hili kwa uwazi, maana ni hatari kwa umoja wa wavuja jasho.

Nchi yetu imekwisha kujaribu kuitatua kazi kwa msako. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilikusudia kuondoa uzururaji na kumpa kila mtu kazi ya maana. Lengo lilikuwa jema. Katika utekelezaji, mwuza karanga na fundi viatu wa mjini walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kwamba walichokifanya kutwa nzima ni kazi, na walioshindwa walirudishwa mashambani. Miaka 30 baadaye, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga iliwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Geita na Kigoma. Katika mashauri yote mawili aliyesimamishwa na kuulizwa karatasi ni mwenye jembe. Aliyempa jembe hakuulizwa.

Msako haupandishi ujira. Warundi wamekuwa wakivuka kuja kulima vibarua Kigoma kwa misimu mingi kabla ya mwaka 2015, na watavuka kesho, maana mpaka ni mto na vichaka na ndugu wa pande mbili. Kibarua anayeogopa msako anakuwa rahisi zaidi kuliko asiyeogopa. Kwa hiyo anayeshangilia msako akidhani anamtetea kibarua mwenyeji, kwa hakika anampunguzia malipo.

Tunao ushahidi wetu wenyewe wa njia nyingine. Warundi waliokuja mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walipewa ardhi. Wakalima chakula na tumbaku, wakalipa kodi, wakauza ziada. Kuanzia mwaka 2007 Taifa letu likawafungulia njia ya uraia, na zaidi ya watu 162,000 wakaupata. Hatusemi makazi yale hayakuwa na matatizo. Yalikuwa nayo, pamoja na kubanwa kutembea. Tunasema kwamba mtu wa Mishamo aliyekuwa na shamba lake alipokwenda kibarua alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Mtu wa Nduta hana uwezo huo. Wote ni Warundi na wote walipokelewa na nchi moja. Kilichotofautiana ni masharti ya kazi, na masharti huwekwa na watu.

6. WAJIBU WETU

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne, kwa watafiti na kwa Chama.

(a) Utafiti wa Nguvukazi uongeze maswali machache kwa kila anayelipwa kwa siku au kwa kipande: nani alipanga bei, malipo yalitolewa siku hiyo au yaliahirishwa, je, amewahi kunyimwa, na chakula cha kaya katika siku zisizo na kibarua kilitoka wapi. Maswali haya hayahitaji fedha za mfadhili.

(b) Hesabu za kambini na hesabu za vijijini zisomwe pamoja. Leo mkimbizi yuko katika daftari moja akiwa mpokea msaada, na mwenyeji yuko katika daftari jingine akiwa mkulima. Shambani wako kwenye ngwe mbili zinazopakana. Sago na Tambila walitufundisha kuisoma Kigoma pamoja na Tanga. Sisi tusishindwe kuisoma Nduta pamoja na vijiji vilivyo jirani yake.

(c) Sheria tulizo nazo zitumike. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia kuwa mwajiriwa mtu anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine au anayemtegemea kwa riziki yake, hadi mwajiri athibitishe vinginevyo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, kutoka 100,000 za mwaka 2013, pamoja na viwango vya siku na saa. Maofisa wa kazi na halmashauri za vijiji wawasomee watu viwango vinavyotumika sasa hadharani, na malalamiko ya ujira yasikilizwe kwanza kama malalamiko ya ujira, bila kuanza na karatasi za mlalamikaji.

(d) Viongozi wetu wa vijiji na kata wenye mashamba wawe wa kwanza kulipa kiwango, na walipe mbele ya watu. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti mengi ya uongozi, lakini halikumruhusu kiongozi yeyote kula jasho la kibarua asiye na pa kushtakia.

Hatudai kwamba maswali manne katika dodoso yatamaliza unyonyaji. Unyonyaji humalizwa na walionyonywa wanapojua kinachowapata na kuungana. Lakini hawawezi kuungana iwapo hesabu za nchi zinamwonyesha kibarua wa Kibondo kuwa adui wa kibarua wa Ruyigi, na huku zinamficha anayewapanga wote wawili mstari alfajiri na kumchukua yule atakayetaja bei ya chini. Hapo ndipo utafiti wa kazi unapokuwa jambo la siasa, apende mtafiti asipende.

Kwa hiyo tunaposomewa kwamba ajira zimeongezeka kwa asilimia kadhaa, tupige makofi baada ya kuuliza. Kazi hizo ni za namna gani? Nani aliweka masharti yake? Na jioni, malipo yakiwa hayatoshi, ni chungu cha nani kinachomlisha aliyezifanya?